Coaster ya Kulala Shambani: Jinsi ya Kuvuta Umeme kwa Mwenyeji Bila Kuua Mtu

Leo tunaweka pembeni ubwiri unga na bei ya alizeti. Nataka tuongelee umeme, hasa ule unaovutwa kutoka dirishani kwa mwenyeji kwenda kwenye gari unalolala. Najua kuna atakayesema afisa ugani kaingilia kazi ya mafundi. Sawa, mimi ni mtu wa mimea, na kufunga nyaya namwachia fundi mwenye leseni ya EWURA. Lakini mimi ndiye ninayefika mashambani kwenu, na baadhi ya ninayoyaona huko yananitisha.

Hali yenyewe mnaijua. Kijana kapata Coaster iliyochoka barabarani, katoa viti, kaweka kitanda, friza, mzani, taa na feni. Zabibu zikikaribia kuvunwa analala nayo kando ya shamba, Hombolo au Mpunguzi. Alizeti ikianza anahamia Kongwa au Mpwapwa kununua gunia moja moja. Wengine badala ya Coaster wana tela lenye chumba cha bati. Wote wanafanya jambo lile lile: wanaegesha kwenye kiwanja cha mwenyeji, wanaomba umeme, ekstensheni inapita dirishani. Ulaya watu wanaotalii na nyumba za magurudumu wamefanya hivi miaka mingi, na wana utaratibu wake. Sisi tumechukua wazo la gari, utaratibu tukauacha njiani.

Haipigi, inatekenya tu

Kijana mmoja wa Hombolo aliniambia maneno hayo nilipokuwa nataka kupanda kwenye Coaster yake. "Afisa, ukishika mlango usishtuke. Haipigi, inatekenya tu." Nikatoa testa ya bisibisi kwenye begi, nikagusa bodi la gari. Ikawaka. Nikamwambia akachomoe kwanza kule ndani kwa mwenyeji, halafu ndiyo tuongee.

Alipomwita fundi, yalionekana mambo mawili. La kwanza, waya wa friza ulipita kwenye tundu la bati lisilo na mpira wa kuukinga. Gari likitikisika barabarani, ukingo wa bati ulikuwa unaula waya taratibu hadi shaba ikagusa bodi. La pili, ekstensheni yake ilikuwa ya waya mbili. Plagi ilikuwa na meno matatu, nzuri tu kwa macho, lakini ndani ya kebo kulikuwa na fesi na nyutro basi. Ule waya wa tatu, wa kijani na njano, ambao mafundi wanauita erthi, haukuwepo kabisa.

Sasa hapa naomba utulie, maana ndipo penye somo lote.

Friza la nyumbani likivuja umeme, mara nyingi limesimama kwenye sakafu na limeunganishwa na erthi kupitia plagi, kwa hiyo umeme uliovuja una njia ya kwenda ardhini. Coaster imesimama juu ya matairi ya mpira. Umeme ukigusa bodi, hauna pa kwenda. Gari zima, kuanzia kitasa cha mlango, ngazi, kioo cha pembeni hadi bampa, linakaa na volti 230 kimya kimya, halitoi moshi wala cheche, na taa ndani zinaendelea kuwaka vizuri. Linasubiri tu mtu mwenye mguu chini na mkono juu. Na ndivyo kila mtu anavyopanda gari: mguu mmoja ardhini, mkono kwenye kitasa.

Wewe uliye ndani huhisi kitu, kwa sababu mwili wako wote uko kwenye volti ile ile, kama ndege anavyotua kwenye waya wa TANESCO. Anayepigwa ni mama anayekuletea uji, au mtoto wa mwenyeji anayekimbiza mpira.

Kwa nini yule kijana alikuwa anatekenywa tu? Kwa sababu alivaa ndala, na ilikuwa mwezi wa tisa, ardhi imekauka kama chungu. Umeme ulipita kidogo. Mbadilishe: mvue ndala, mlowanishe miguu kwa maji ya kumwagilia mizabibu, mpe jasho mkononi. Mwili uliolowa unaweza kuuzuia umeme kwa omu 1,000 hivi tu. Gawanya 230 kwa 1,000, unapata ampea 0.23, yaani miliampea 230. Kwenye miliampea 10 hivi misuli ya mkono inaweza kukaza, ukashindwa kuachia ulichoshika. Zikizidi 30 na kuendelea kupita, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Kwa hiyo gari lile lile linalokutekenya Septemba linaweza kuua Januari. Hakuna namna ya kujua kwa kidole kwamba uvujaji huu ni mdogo na ule ni mkubwa. Ukitekenywa, chomoa.

Udongo wa Dodoma na erthi

Nyumba nyingi kwetu erthi yake ni nondo iliyopigwa kando ya ukuta. Wazo lake ni zuri: umeme ukivuja, uende ardhini kwa wingi hadi breka ikate. Tatizo ni ardhi yenyewe. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili. Kuanzia Mei udongo wa juu unakauka, na nondo fupi iliyochomekwa kwenye mchanga mwekundu mkavu inashikana na ardhi vibaya sana.

Tufanye hesabu. Chukua nondo ambayo kiangazi ina kizuizi cha omu 200. Volti 230 gawanya kwa 200 ni ampea 1.15. Breka ya nyumba ni ya ampea 16, 20 au 32. Ampea moja na kidogo kwake ni kama balbu kadhaa na feni. Haitakata leo, wala kesho, wala mwezi ujao. Gari litabaki na umeme na breka imetulia. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "mbona kuna breka" huwa namuuliza: breka ya nini? Breka inalinda waya usiungue. Haikuwekwa kwa ajili ya ngozi yako.

Kinacholinda ngozi ni kifaa kingine, mafundi wanakiita RCD. Kwa sura kinafanana na breka pana, na kina kitufe kidogo kilichoandikwa T. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka kwenye fesi na ule unaorudi kwenye nyutro. Kama umetoka mwingi ukarudi pungufu, maana yake kuna mahali unavuja, labda kupitia mtu. Tofauti ikifika miliampea 30, kinakata, tena kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwenye ule mfano wetu uvujaji ulikuwa ampea 1.15, yaani miliampea 1,150. Breka haikuuona, lakini kwa RCD huo ni zaidi ya mara 38 ya kinachohitajika. Kingekata siku ile ile bati lilipoigusa shaba.

Kwa udongo wetu, kama pesa inatosha kitu kimoja tu wiki hii, nunua RCD ya miliampea 30 kwanza. Angalia namba hiyo kwenye kifaa chenyewe: 30 mA, au 0.03 A. Zipo za 100 na 300, hizo zina kazi nyingine, usiuziwe.

Na kiwekwe upande gani? Wengi wanafunga ndani ya gari, kwenye kiboksi cha breka. Ni vizuri, lakini kebo iliyolala kati ya nyumba na gari inabaki bila ulinzi, na hiyo ndiyo inayokatwa na jembe, kukanyagwa na bodaboda na kutafunwa na mbuzi. Weka kimoja kule mwanzo, pale kebo inapochukua umeme nyumbani. Ukiweza weka na cha pili garini. Bonyeza kile kitufe kila unapofika mahali papya. Kisipokata, kifaa kimekufa, usilale na umeme usiku huo. Ila elewa pia kwamba kitufe kinapima kifaa, hakipimi erthi. RCD inaweza kukata vizuri kwa kitufe huku waya wa erthi umekatika.

Erthi ya gari fundi aijenge hivi: waya wa kijani na njano utoke kwenye kebo, uingie kwenye kiboksi cha gari, na kutoka hapo waya wa 4 ufungwe kwa boliti kwenye chasisi, mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma kikaonekana. Rangi haipitishi umeme, na boliti juu ya rangi ni pambo. Mimi napenda pia gari liwe na nondo yake ya kupiga chini kila linapoegeshwa, iunganishwe na chasisi hiyo hiyo. Ipige mahali penye unyevu, pale unapomwaga maji ya kuoshea vyombo kwa mfano. Nondo mbili ni bora kuliko moja, mradi ziachane angalau kwa urefu wa nondo yenyewe. Kuna wanaomwaga chumvi. Inasaidia kwa muda, lakini inakula nondo, ukija kuichomoa unakuta imebaki sindano.

Kuna ujanja mmoja nataka niuseme kwa sauti. Baadhi ya mafundi wa mtaani, wakikuta nyumba haina erthi, wanachukua kipande cha waya ndani ya soketi wanaunganisha erthi na nyutro. Testa inaonyesha safi, na hata mita inasoma vizuri. Lakini siku nyutro ikilegea kwenye soketi au kwenye nguzo, umeme wa fesi unapita kwenye taa yako, unaingia nyutro, unarukia erthi na kutua kwenye bodi la Coaster. Yaani umejenga mtego kwa mikono yako, na hata RCD iliyo nyuma ya hapo haitakusaidia ipasavyo. Ukigundua nyumba ya mwenyeji imefanyiwa hivyo, usichomeke kabisa hadi fundi aifungue.

Fundi akija akiwa na mita, mwombe apime mbele yako. Kati ya fesi na nyutro unategemea volti 230 hivi, pungufu kidogo jioni. Kati ya fesi na erthi iwe karibu sawa na hiyo. Kati ya nyutro na erthi ziwe volti chache tu. Ikisoma vitu vya ajabu, mfano 90 kati ya fesi na erthi, erthi inaelea. Hata ikisoma 230 usiseme imekuwa nzuri moja kwa moja, kwa sababu mita ya kawaida inahitaji umeme kidogo mno kusoma na hata nondo mbovu itaipa. Kizuizi cha ardhi kinapimwa na kipimo chake maalumu. Muulize kama anacho.

Kebo

Hapa sitakaa sana, ila hesabu yake ni ya biashara. Kebo ndefu na nyembamba inapoteza volti njiani. Tuseme kutoka nyumba hadi shambani ni mita 50 na unavuta ampea 13. Kwa waya wa 1.0 unapoteza karibu volti 29. Kwa 1.5 karibu 19, kwa 2.5 karibu 12, na kwa 4 kama 7. Vijiji vingi jioni umeme ukiwa mdogo nyumbani unaweza kukuta 205. Toa 29, friza linapata 176. Kompresa inajaribu kuwaka, inashindwa, inanguruma, inapata moto, na baada ya wiki chache unanunua friza jingine. Kama ulikuwa umetunza chanjo za kuku humo, hesabu na hizo.

Kwa hiyo kebo ya mpira yenye waya tatu, 2.5, kipande kimoja kisicho na maungio. Huko Ulaya nyumba za magurudumu hutumia hiyo hiyo ya 2.5, kwa kawaida mita 25, na plagi ya bluu ya ampea 16 isiyoingia maji. Plagi hizo za bluu zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme, ni ghali kidogo kuliko hizi nyeupe lakini haziachii gari likitikiswa na upepo wetu wa Julai na Agosti. Kama unatumia kebo ya kuzungushia kwenye gurudumu, ifungue yote hata kama gari liko mita tano tu. Ikiwa imeviringwa inajipasha moto yenyewe hadi plastiki inayeyuka. Ipitishe juu kwa vijiti au izike ndani ya bomba. Usiifiche chini ya nyasi kavu.

Soketi ya kawaida ya nyumbani inatoa ampea 13. Zidisha kwa 230, ni wati 2,990. Friza dogo, feni, taa na chaja za simu havifiki hata wati 300, hapo uko huru. Shida ni birika la wati 2,000 pamoja na pasi ya 1,200. Umeshapita. Fyuzi ya plagi ikiungua imefanya kazi yake, weka nyingine ya namba ile ile. Nimeshaona iliyofungwa karatasi ya sigara, na nyingine kipande cha msumari. Mwenye msumari huo alikuwa analala juu ya godoro la sponji ndani ya gari lenye mlango mmoja.

Jenereta na plagi ya ndume mbili

Wengi mna jenereta kwa ajili ya pampu. Umeme ukikatika, mtu anatengeneza waya wenye plagi dume kila upande, anachomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani ili nyumba na gari vyote vipate. Meno ya plagi ya upande wa pili yanakuwa na umeme yakiwa wazi mkononi. Tena umeme huo unaweza kurudi kwenye mita, ukapanda hadi nguzoni na kwenye transfoma, ambayo inaukuza kuwa maelfu ya volti upande wa pili. Juu ya nguzo kuna fundi wa TANESCO anayejua laini imezimwa. Kama unataka vyanzo viwili, fundi akufungie swichi ya kubadilishia, chenjiova, ambayo haiwezi kushika vyote kwa wakati mmoja. Waya wa ndume mbili ukatwe vipande leo, usiuhifadhi "kwa dharura".

Siku ya kufika na siku ya kuondoka

Ukifika kwa mwenyeji, kabla ya kuomba soketi omba kuiona. Imelegea? Imeungua kingo? Ina alama ya moshi? Omba nyingine. Zungumzeni na LUKU mapema. Kuna wateja wa TANESCO walio kwenye bei ya matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Friza lako na birika lako vinaweza kumvusha mwenyeji hapo, akaanza kununua uniti kwa bei ya juu, na ugomvi utakaofuata unaujua. Funga mita ndogo ya kuhesabia kwenye kebo yako, muandikiane uniti za kuanzia, umlipe kwa uniti zilizosomeka. Hapo hata RCD ukimwambia mnaigharamia nusu kwa nusu atakuelewa, maana itabaki kulinda nyumba yake.

Kuunganisha kuna mpangilio. Zima swichi kuu ya gari. Piga nondo chini. Chomeka kebo upande wa gari kwanza, halafu ndiyo upande wa nyumba. Washa soketi, gusa bodi kwa testa, bonyeza kitufe cha RCD uone inakata, irudishe, ndipo uwashe swichi kuu. Testa isipowaka si uthibitisho kamili, hasa ukiwa umevaa viatu vya mpira, lakini ikiwaka hakuna mjadala.

Kuondoka ni kinyume chake: zima gari, chomoa nyumbani kwanza, halafu garini, ili kusiwe na dakika ambayo umeshika ncha yenye umeme.

Watoto na wafanyakazi waonyeshwe swichi ya kuzimia iko wapi ndani ya nyumba, kabla ya usiku wa kwanza. Mtu akiwa ameshikwa na umeme kwenye gari, asiguswe, wala gari lisiguswe. Anayekimbia akimbilie swichi. Akishaachiwa na hapumui, anzeni kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta usafiri wa kwenda kituo cha afya. Hata akiamka na kusema yuko sawa, mpelekeni akapimwe moyo.

Na kitu kidogo cha mwisho kwa madereva: ufunguo wa gari uufunge kwa kamba kwenye plagi ya upande wa nyumba. Alfajiri ukiwahi mnada na usingizi bado uko machoni, huwezi kuwasha gari kabla hujaenda kuchomoa.